Chini ya Mita 1,500

Ukipanda matatu pale Kisii kwenda Migori, kuna mahali masikio yanaziba kidogo. Kisii iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, ndizi na majani chai kila upande. Kisha barabara inateremka. Rongo, Awendo, miwa inachukua nafasi ya chai, joto linapanda, na ukishuka Migori tayari umevua sweta. Ukikata kulia Rongo kuelekea Homa Bay, unateremka zaidi mpaka ziwani, kwenye mita 1,130 na ushei. Hakuna bango linalokuambia, lakini mahali fulani kwenye mteremko huo umevuka mstari ambao daktari mmoja wa upasuaji aliuchora kwenye ramani ya Afrika miaka zaidi ya 60 iliyopita. Juu ya mstari, ugonjwa aliokuwa akiufuatilia karibu haupo. Chini yake, watoto wanaota uvimbe kwenye taya.

Mimi ni wa chini ya mstari. Nimekulia Homa Bay, na katika utoto wangu tumbo la mtoto likivimba ghafla lilikuwa na maelezo mawili: minyoo, au sihoho, yaani jicho baya la jirani aliyekutazama ukila. Dana, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa upande wa sihoho. Taya likivimba, ilikuwa jino. Hakuna aliyesema saratani. Saratani ilikuwa ya wazee, tena wazee wa Nairobi.

Vitabu vya tiba vya Ulaya na Marekani huiweka limfoma ya Burkitt kwenye kundi la saratani adimu za watoto, na kwao ni kweli. Lakini katika ukanda wa ikweta, kuanzia Nyanza yetu hii, Uganda na Mara hadi Malawi, Kameruni na Nigeria ya kusini, kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa saratani za watoto zinazoonekana zaidi wodini. Kwa hiyo nikisoma "adimu" huwa nauliza, adimu kwa nani? Jibu lina uzito, kwa sababu ugonjwa ukiitwa adimu, kampuni ya dawa haioni soko. Na bado huu ugonjwa adimu, wa watoto wa vijijini wasio na pesa, ni mmoja wa magonjwa yaliyoufundisha ulimwengu kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia, na inapita kwetu.

Inaanzia Kampala mwaka 1957. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini, mwenye jicho moja tu zima (lingine alilipoteza utotoni), mlokole wa kweli kweli, na mfanyakazi wa serikali ya kikoloni katika hospitali ya Mulago. Mwenzake Hugh Trowell, daktari wa watoto, alimwita amtazame mvulana wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pembe zote nne za taya, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt hakuelewa. Usaha hauji pembe nne kwa pamoja, na saratani aliyoijua yeye haikuja hivyo. Wiki chache baadaye akiwa Jinja akatupa jicho dirishani, akaona mtoto wa kike ameketi nje na mama yake, uso ni ule ule. Akatoka kumpima. Alikuta uvimbe mwingine tumboni.

Kitu kimoja kinaweza kuwa bahati mbaya, viwili ni swali. Burkitt akarudi kwenye mafaili ya Mulago akakuta watoto wengi wa aina hiyo, wameandikwa chini ya majina tofauti: huyu uvimbe wa taya, yule wa figo, mwingine wa jicho au wa ovari. Mwaka 1958 alichapisha makala kwenye jarida la upasuaji la Uingereza. Karibu hakuna aliyeshtuka. Akatuma vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza: mnamwona mtoto huyu? Majibu yalipoingia alichoma pini kwenye ramani, na pini zikajipanga kama mkanda uliofungwa kiunoni mwa bara.

Oktoba 1961 alitoka na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu la Ford la mwaka 1954. Walizunguka kama wiki kumi, maili 10,000, wakienda kusini, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na albamu ya picha. Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700. Walichotafuta ni ukingo: wapi ugonjwa unakoma? Jibu lilikuwa la ajabu. Ulikoma kwa kimo. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, haupo. Ukienda kusini kwenye baridi zaidi, mpaka unashuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na mbu kule Entebbe, alitazama ramani akasema hiki si kimo, ni halijoto na mvua. Na ukisema joto na mvua Afrika, ni kama umesema mbu. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyeutafiti ugonjwa huu hapa Kenya, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema wazi kwamba tuitazame malaria.

Upande wa virusi unajulikana zaidi, kwa hiyo nitaupitia haraka. Machi 1961 Burkitt alihutubia London, kijana mmoja mtafiti aitwaye Anthony Epstein akakaa kusikiliza, akaomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi vipya, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Vinaitwa Epstein-Barr. Karibu kila mtu duniani anavyo, wewe pia huenda unavyo. Tofauti ni kwamba mtoto wa Nyanza huvipata mapema sana, mara nyingi kabla ya kutimiza mwaka, na wakati huo huo malaria inamgonga tena na tena. Malaria inazichosha seli za kinga na kuzichochea zigawanyike ovyo, virusi vinazisaidia zisife, na siku moja katika mgawanyiko mmojawapo kromosomu inakatika na kuungwa vibaya.

Sasa dawa.

Burkitt alikuwa na tatizo la kawaida kabisa: hakuwa na mashine ya mionzi. Uganda nzima haikuwa nayo. Kisu hakikusaidia, kwa sababu ukikata taya la mtoto, uvimbe uko pia tumboni. Watoto walikuwa wakifa ndani ya miezi michache tangu uvimbe uonekane. Huu ni mmoja wa uvimbe unaokua haraka kuliko wote kwa binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mama anakuambia, Jumapili ilikuwa kama njugu, Jumapili iliyofuata ni kama ngumi. Hatii chumvi.

Wakati huo dawa za saratani zilikuwa changa. Ya kwanza ilitokana na silaha: watafiti wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia waliona kwamba jamaa za gesi ya haradali huziua seli nyeupe za damu, wakaijaribu nitrojeni mastadi kwa wagonjwa wa limfoma. Kisha kule Boston, Sidney Farber alitumia dawa inayozuia kazi ya foleti kwa watoto wenye saratani ya damu, na mwaka 1948 akaonyesha kwamba ugonjwa unaweza kurudi nyuma, ingawa kwa muda. Kurudi nyuma kwa muda tu. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Dawa inaingia, uvimbe unayeyuka, wazazi wanamshukuru Mungu, miezi miwili baadaye uvimbe uko palepale na dawa haiushiki tena.

Joseph Burchenal wa Sloan Kettering, New York, alikuja Afrika Mashariki akakutana na Burkitt, na pia Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo Nairobi, katika hospitali iliyoitwa King George VI, ambayo leo ni Kenyatta. Dawa zikaanza kuja. Methotreksati ndiyo ilitangulia Kampala. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1963 yaliwashangaza hata wenyewe: uvimbe wa taya ulitoweka ndani ya siku, na watoto wengine hawakuurudia kamwe. Wengine walipewa dozi ambayo daktari wa New York angeiona ni mzaha, mara moja au mbili, kisha wazazi wakawachukua nyumbani, nauli imeisha na shamba linangoja. Madaktari walidhani wamekwenda kufa. Baadaye wengine walipatikana wanachunga mbuzi.

Mantiki yake si uchawi. Dawa hizi huiua seli inapogawanyika. Uvimbe unaogawanyika polepole huwa na seli nyingi zilizolala, na zilizolala hazidhuriki. Burkitt haina seli za kulala. Karibu zote ziko kazini. Kasi ile ile inayomuua mtoto ndiyo inayoufanya uvimbe ukae wazi mbele ya dawa. Kuna hatari yake lakini: seli zikifa nyingi kwa wakati mmoja, takataka zake huziba figo, na mtoto anaweza kufa kwa sababu dawa imefanya kazi vizuri mno. Ndio maana wauguzi wanahangaika na maji na dripu kabla ya kemo ya kwanza.

Kitu ambacho sikufundishwa shuleni, wala sidhani wewe ulifundishwa, ni kwamba Nairobi ilikuwa mstari wa mbele. Mwaka 1961 Clifford na wenzake waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu kumtoa mgonjwa wa saratani uboho wake mwenyewe, kumpa nitrojeni mastadi kali, kisha kumrudishia uboho huo ili damu isikauke. Mwaka 1961, miaka miwili kabla ya bendera yetu kupanda. Baadaye akahamia siklofosfamaidi, ambayo hadi leo ndiyo nguzo ya tiba.

Clifford pia alishirikiana na George na Eva Klein wa taasisi ya Karolinska, Stockholm. Vipande vya uvimbe vilipanda ndege kutoka Nairobi. Mwaka 1967 seli zilizotolewa kwenye uvimbe wa kijana wa miaka 16 zilikubali kuishi ndani ya chupa, na hazijafa hadi leo. Zinaitwa Daudi. Ukienda leo kwenye maabara yoyote kubwa ya saratani, Boston au Beijing, ukafungua friji, kuna uwezekano mkubwa utakuta kichupa kimeandikwa Daudi, au ndugu yake wa Nigeria, Raji. Kingamwili ya daratumumabu, ambayo sasa hutibu saratani ya uboho kwa wazee wa nchi tajiri, ilijaribiwa kwenye seli za Daudi kabla ya kufika kwa mgonjwa. Huwa nawaza kuhusu hilo jina. Wanasayansi waliomtaja maelfu ya mara hawajui lolote jingine juu yake.

Kampala ilienda hatua iliyofuata. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walifungua kituo cha kutibu limfoma kando ya Mulago, kikiongozwa na John Ziegler, daktari asiyefika miaka 30. Pamoja na wodi ya uvimbe mwingine iliyofuata, kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapa ndipo swali lilibadilika. Halikuwa tena "dawa inafanya kazi?" bali "dawa ngapi, kwa mpangilio gani?"

Kijana yeyote wa Homa Bay ataelewa jambo hili haraka kuliko mtu wa Ulaya, kwa sababu tumelelewa na mseto. Malaria, unapewa mseto. TB, vidonge vinne. ARV, tatu ndani ya kidonge kimoja. Sababu ni moja: mdudu mmoja kati ya milioni anaweza kuikwepa dawa A, mwingine akaikwepa dawa B, lakini wa kuzikwepa zote mbili pamoja ni vigumu kumpata. Kule Marekani Emil Frei na Emil Freireich walikuwa wamelipeleka wazo hilo kwenye saratani ya damu ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1960, dawa nne kwa mpigo, na wenzao wengine waliwaona wakatili. Kampala walikuwa na siklofosfamaidi, methotreksati, na vinkristini, inayotoka kwenye lile ua dogo la waridi la Madagaska ambalo mama zetu hupanda mbele ya nyumba kwa sababu halihitaji maji.

Lakini kuwa na dawa tatu si sawa na kujua. Unaweza kumpa mtoto zote tatu, akapona, na kumbe moja ingetosha, na hizo nyingine zimemuumiza bure. Au ukampa moja, uvimbe wa taya ukaisha, kisha seli zilizojificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako siklofosfamaidi haifiki vizuri, zikamrudia. Walijifunza hilo kwa uchungu. Ndipo sindano ya methotreksati ndani ya uti wa mgongo ikawa sehemu ya tiba. Kwa hiyo wakafanya kitu ambacho wengi hudhani kilifanyika Ulaya tu: majaribio ya kura. Dozi moja dhidi ya dozi nyingi. Dawa moja dhidi ya mseto. Chanjo ya BCG kama nyongeza ya kuamsha kinga, ambayo haikusaidia, na wakaandika hivyo. Mwaka 1976 jaribio la kulinganisha dawa moja na mseto lilichapishwa, na jina la kwanza juu yake ni la Mganda, Charles Olweny.

Hilo jina lina hadithi. Mwaka 1972 zawadi ya Lasker, ambayo watu wa tiba huiona ni mlango wa Nobel, ilitolewa kwa waanzilishi wa tibakemikali. Burkitt alikuwemo, Burchenal, Ziegler, Frei na Freireich, na Mkameruni mmoja, Victor Anomah Ngu, aliyetibu ugonjwa huu Ibadan. Mwaka huo huo Idi Amin aliwafukuza Waasia, na Wamarekani wakaanza kufungasha. Olweny akabaki na taasisi. Alifanya majaribio ya kisayansi ndani ya nchi iliyokosa sabuni, mpaka naye akalazimika kuondoka miaka ya 1980, na Edward Katongole-Mbidde akashika usukani kwa miaka mingi akiwa na karibu hakuna. Kwangu mimi hawa wawili ndio mashujaa wa simulizi hii kuliko mwenye jina la ugonjwa. Kugundua ukiwa na pesa za Bethesda ni kazi. Kuandika faili la mgonjwa vizuri huku mizinga inalia ni kazi nyingine.

Najua swali unalotaka kuuliza. Watoto hawa walikubali? Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti lilikuja mwaka 1964, baada ya dozi za kwanza. Karatasi za enzi hizo zinamtaja mtoto kwa herufi, umri na kabila, na uso wake umepigwa picha kabla na baada, mbele ya ukuta mtupu. Baba aliyeketi mbele ya daktari wa kizungu chini ya serikali ya kikoloni hakuwa na nafasi kubwa ya kusema hapana. Hilo halipakwi rangi. Hata hivyo sitawaita panya wa maabara. Bila dawa walikuwa wanakufa kabla ya msimu wa mvua kugeuka, na wengi walitoka pale wakiwa wazima. Kinachonisumbua mimi ni kilichofuata, yaani matokeo yalikwenda wapi.

Kabla ya hapo, kidogo kuhusu malaria, kwa sababu jaribio kubwa kabisa lilifanyika jirani. Ukitoka Migori ukavuka mpaka Sirari, au ukashuka Muhuru Bay na kuvuka kwa njia za watu, unafika Rorya, Tanzania, ambako watu ni Wajaluo wenzetu. Pale Shirati kuna hospitali ya Wamenonite. Kuanzia 1977 hadi 1982 watafiti waliwapa watoto wa North Mara wa chini ya miaka kumi klorokwini kila wiki mbili, ili waone kama malaria ikishuka, limfoma nayo itashuka. Malaria ilishuka kwanza, kisha vimelea vikaizoea klorokwini vikapanda tena. Limfoma ilipungua wakati wa mradi na baadaye ikaongezeka, ila kulikuwa na kasoro: ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa hiyo jibu likabaki nusu. Miaka 30 baadaye utafiti mwingine mkubwa, EMBLEM, uliokusanya watoto kati ya 2010 na 2016 Uganda, Tanzania na Kenya, ulirudi Shirati tena, na upande wetu ukaweka kambi Homa Bay miongoni mwa hospitali zake. Damu yetu imesomwa sana, sema ukweli.

Basi, matokeo yalikwenda wapi? Ufaransa, wakiongozwa na Catherine Patte, walichukua dawa zile zile, wakaongeza nyingine, wakapandisha dozi mpaka mtoto hana kinga hata chembe, kisha wakamlinda kwa antibiotiki, damu ya kuongezewa na chumba safi. Mwaka 2020 jaribio la kimataifa lenye watoto 328 wa ngazi ya hatari lilichapishwa. Waliopata mseto huo pamoja na rituksimabu, asilimia 93.9 walikuwa hawajapatwa na tukio baya baada ya miaka mitatu; bila rituksimabu, asilimia 82.3. Ni habari njema kweli kweli. Ila mseto huo ukiuleta ulivyo kwenye wodi isiyo na damu benki wala kitanda cha peke yake, utawaua watoto kwa dawa.

Huku kwetu jaribio lililo karibu zaidi liliongozwa na Twalib Ngoma wa Ocean Road, Dar es Salaam, likihusisha Tanzania, Kenya na Nigeria. Watoto na vijana 356. Dawa tatu zile zile za Kampala, siklofosfamaidi, vinkristini, methotreksati, hadi mizunguko sita, na mseto wa pili kwa aliyerudiwa. Mwaka 2012 waliripoti kwamba baada ya miaka miwili asilimia 62 walikuwa hai. Watu huiona namba hiyo ni ya kusikitisha ukilinganisha na Paris. Mimi naiona ni ya kishujaa, na inanikasirisha pia. Dawa zote tatu zina zaidi ya nusu karne, muda wa hakimiliki uliisha zamani. Hakuna siri hapo.

Mwaka jana nilizungumza na mama mmoja wa upande wa Muhuru Bay ambaye mwanawe alimaliza matibabu. Tuliketi nje ya duka lake, akiwa anachambua omena.

"Nyathina," akaniambia, "wewe umesoma. Niambie, kwa nini walimng'oa jino kwanza?"

Nikamweleza kwamba uvimbe huanzia ndani ya mfupa, unalegeza meno, na mtu asiyeujua huona jino bovu.

"Waling'oa mawili," akasema. "Wiki mbili zikapotea. Wewe si umesema huo unakua kwa siku?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hesabu."

Sikuhesabu. Aliendelea mwenyewe: matatu ya kwenda Migori, nyingine hadi hospitali ya rufaa, mtu wawili, kwenda na kurudi, mara sita, mara moja walifika wakaambiwa dawa moja imeisha, nendeni mkanunue nje. Waliuza ng'ombe. Mumewe alisema mzunguko wa tatu utoshe, maana uvimbe si umeisha, mtoto si anacheza? Hapo ndipo wengi huachia. Utafiti wa Eldoret juu ya watoto wa saratani waliofika kati ya 2007 na 2009 ulikuta kwamba, kati ya wale ambao hatima yao ilirekodiwa, zaidi ya nusu waliacha tiba kabla ya kumaliza, na pesa ilikuwa sababu kubwa. Huyu mama alikataa. Alikopa kwenye chama akaenda peke yake.

Nimewahi kukaa kwenye mikutano Nairobi ambapo mtu anaonyesha slaidi ya dawa mpya na ukumbi unapiga makofi. Napiga makofi pia, rituksimabu ya bei nafuu naitaka, na majaribio ya mseto mpya yanayofaa wodi zetu nayataka zaidi. Lakini mseto wa yule mama ulikuwa na vitu vingine: daktari wa meno anayejua kushuku, kipande cha uvimbe kinachosomwa ndani ya siku tatu badala ya wiki tatu, nauli, mahali pa kulala Kisumu au Eldoret, na mtu wa kumpigia simu mume. Ziegler na wenzake walilijua hilo mapema. Kituo cha Kampala kilikuwa na watu wa kwenda kuwatafuta wagonjwa vijijini, kwa sababu jaribio lisilojua nani yuko hai halina maana. Ilikuwa ni kwa ajili ya sayansi, ndiyo. Ila mtoto aliyetafutwa alitafutwa.

Tarehe 13 Septemba 2019 serikali ilizindua chanjo ya malaria, RTS,S, kule Ndhiwa, Homa Bay, mwendo mfupi tu kutoka kwa Dana. Ililengwa malaria. Lakini watoto wa kwanza kuchanjwa sasa wanaingia umri wa kati ya miaka mitano na tisa, umri ambao limfoma ya Burkitt huonekana zaidi. Ikiwa Dalldorf na Shirati walikuwa sahihi, wodi itaanza kusema katika miaka michache ijayo. Itategemea kama kuna mtu Homa Bay na Migori anayeandika daftari la kila mtoto anayeingia na taya lililovimba, jina la kijiji, tarehe ya chanjo, na mzunguko wa ngapi amefikia.